Taa Iliyowaka Mchana

Kama ungepita mtaa wetu wa Buyenzi, mjini Bujumbura, miaka ile ya vita, saa sita ya mchana, jua limesimama utosini na kila mtu anatafuta kivuli, ungeona ndani ya duka la Hadji taa nyekundu inawaka ukutani. Watu waliiona, wakacheka. Mmoja alisema Hadji amepata pesa hadi zinamwasha. Mwingine alisema ile ni dawa ya mganga ya kuvuta wateja. Taa ile ilikuwa yangu, na bila yake ningerudi kuchambua maharage.

Nilizaliwa nikisikia. Homa ya uti wa mgongo ilinikuta nikiwa na miaka tisa, ikaniachia uhai na sauti, masikio ikaenda nayo. Kwa hiyo nasema, tena nasema sana, na wanaonijua wanadai nasema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kusikia nasikia kwa macho: nasoma midomo. Mtu mwenye masharubu mazito kwangu ni mlango uliofungwa, na anayetafuna huku anasema namhesabu hana adabu hadi leo. Lakini Kiswahili cha Buyenzi ni rahisi kukisoma. Watu wa kwetu wanafungua mdomo vizuri, maana tangu utoto wanashindana na nyundo za gereji.

Niliwahi kupewa kifaa cha sikioni, cha msaada, kimeshatumiwa na mtu mwingine huko Ulaya. Kilinipa nyundo zote za mtaa na sauti ya binadamu hata mmoja hakikunipa. Tena kilikuwa kinapiga mluzi ambao mimi siusikii na kila mtu mwingine anausikia, nikaja kujua siku majirani walipoanza kunipisha njia wakidhani baiskeli inakuja. Nilikiweka ndani ya kikombe juu ya kabati, kikabaki huko.

Methali walizotupiwa viziwi nazijua zote. Nikiunguza wali: sikio la kufa halisikii dawa. Nikichelewa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nawajibu kwamba miguu yangu iko salama, wao waangalie yao. Mama alinivuta pembeni na kuniomba nipunguze ukali, halafu akageuka akacheka, na nilimwona mabega yakitikisika.

Kazi aliyonipatia Mama ilikuwa ya kuchambua maharage kwa mfanyabiashara wa sokoni: toa mawe, toa yaliyooza, weka mazuri kwenye gunia. Kazi ya kiziwi hiyo, walisema, haitaki masikio. Niliichukia. Mchana kutwa nainamia ungo, hakuna mdomo wa kusoma wala mtu wa kubishana naye. Ndipo nikasikia, kwa maana ya kusoma kwenye midomo ya jirani, kwamba kuna kiziwi mmoja amerudi kutoka nchi ya nje na anafundisha viziwi wenzake kompyuta.

Darasa lilikuwa chumba cha kuazima nyuma ya kanisa, mjini, chenye kidirisha kimoja na kompyuta mbili kuukuu. Tulikuwa wachache, Wakristo na Waislamu, wengine kutoka mitaa ambayo watu wa mitaa mingine hawakuikanyaga tena siku zile. Sisi tulibanana benchi moja. Nani mwingine angeongea nasi? Huko ndiko nilikopewa jina langu la mikono, na viziwi hawakuombi ruhusa wakikupa jina. Mwalimu aliitwa kidole juu ya nyusi, kwa ajili ya kovu lake. Mimi niliitwa vidole vinavyofunguka na kufungana mbele ya kinywa, bata anayepayuka. Niligomba. Nilipogomba wakazidi kucheka, maana niligomba kwa mdomo.

Kufundisha viziwi kompyuta kuna shida yake. Mwenye masikio anaambiwa bonyeza hapa huku macho yake yako kwenye kioo cha mashine. Sisi lazima tumtazame mwalimu mikono, na tukimtazama hatuoni mashine, na tukiitazama mashine mwalimu ni kama ametoka chumbani. Somo zima lilikuwa la kuinua kichwa na kuinamisha, kama kuku wanaokunywa maji. Mwalimu alipotaka macho yetu kwa pamoja, alizima taa ya chumba, akaiwasha. Nyumba za viziwi ndivyo zilivyo: taa ikizimika, unaitwa.

Tena maneno ya kompyuta hayakuwa na ishara, tukajitungia. Kufuta tulifanya kama kufukuza nzi. Kipanya tulikiita kwa kupangusa meza. Kuhifadhi kazi isipotee tuliazima kwa mama zetu, wanavyofunga pesa kwenye pindo la kitenge wakienda sokoni: unashika pindo la hewa kiunoni, unazungusha vidole, unakaza. Mwalimu aliandika ubaoni, Akiba haiozi. Ishara ile tuliifanya hata njiani, tukiagana.

Wakati huohuo Hadji alikuwa anatafuta mchapaji. Duka lake lilikuwa sekretaria, yaani duka dogo la kuchapa maandishi ya watu na kutoa fotokopi, limebanwa na gereji. Mchapaji wake alikuwa amekimbilia Tanzania na familia yake. Mwalimu alinipeleka, akamwonyesha Hadji jina langu la mikono. Hadji alikuwa na ndevu ndefu nyeupe lakini masharubu ameyanyoa, kama wacha Mungu wengi wa kwetu, na nilishukuru kimoyomoyo. Midomo yake ilikuwa wazi kama dirisha.

Alinitazama, akamtazama mwalimu, akanitazama tena.

“We utaweza kuandika bila kusikia?”

“Hadji, mi naandikaka na mikono. We unaandikaka na masikio?”

Mwalimu hakujua nimesema nini ila aliuona uso wa Hadji, akanikanyaga mguu. Hadji akacheka hadi akashika meza. Nilipewa kiti siku hiyohiyo.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, mto wake umekatwa kutoka kiti cha gari. Nilikipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Mteja akija na barua ya kuomba kazi, au kadi za arusi, au mashtaka ya jirani aliyehamisha ua, alilazimika kuniangalia usoni na kusema polepole, na mimi ndiye niliyekuwa namwuliza: unataka hivi au hivi? Kwa mara ya kwanza tangu homa ile, watu walisubiri jibu langu.

Basi akaja mwanafunzi wa udaktari kutoka Kamenge, kwenye hospitali kubwa, amekumbatia rundo la karatasi. Ilikuwa memwari yake, kazi ndefu ya kuandika ambayo bila hiyo mwanafunzi hamalizi masomo. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haraka, mwandiko wake kama mguu wa kuku umepita kwenye wino. Alipewa muda mfupi wa kuikabidhi. Akichelewa angengoja mwaka mwingine, na siku zile hakuna aliyekuwa anaahidiwa mwaka mwingine.

Nilichapa. Alikuja kila mchana kusahihisha, akaondoka mapema ili awahi kufika kwao kabla ya saa ya kutotembea nje usiku. Mambo yalikwenda vizuri hadi Ijumaa.

Chini ya meza yangu palikuwa na kisanduku kizito cheusi, ondulee, kinachoweka akiba kidogo ya umeme. Umeme ukienda, na Bujumbura ya vita umeme ulikwenda unavyotaka, ondulee inaibeba kompyuta kwa dakika chache, na huku inapiga kelele: pii, pii, pii, hifadhi kazi yako, zima mashine. Hivyo ndivyo nilivyokuja kuelezwa. Mimi nilidhani ni kisanduku cha kupumzishia miguu.

Ijumaa ile Hadji alikwenda msikitini. Mlango uko wazi, jua limejaa ndani, hakuna taa iliyokuwa inawaka. Umeme ukaondoka, nami ningejuaje? Nilikuwa katikati ya sura ya figo, na figo zilikuwa zinanoga. Ondulee ikalia chini ya miguu yangu. Muuza vipuri wa upande wa pili aliisikia, akasema baadaye kwamba alidhani mashine ya fotokopi inaimba. Watu waliopita waliisikia. Kila mtu Buyenzi aliisikia ila mwenye kazi. Kioo kikawa cheusi ghafla, na nilichochapa tangu asubuhi kikaenda nacho.

Hadji alirudi akanikuta nimesimama, naipiga mashine makofi ya mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

“Haukusikia ile kitu ikilia?” aliuliza, halafu akajiziba mdomo kwa mkono.

Ningecheka siku nyingine. Siku ile nilimwambia, “Nilisikia, Hadji, niliamua tu kuiringia,” na sauti yangu lazima ilikuwa kubwa, kwa sababu fundi wa gereji alichungulia. Hadji alinikalisha. Alisema taratibu, akihakikisha naona kila neno.

“Mutoto wangu, we uko mutu wa kazi, mi naona. Lakini hii kazi ni ya watu. Huyu kijana ikipotea tena, atafanya nini? Ikipotea tena, mi siweze kukuweka hapa. Unanisamehe.”

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Nililia njia nzima hadi nyumbani bila kujificha. Mama alinipa maji, akaniacha nimalize, kisha akasema, “Mwana wangu, maharage haijaisha sokoni.” Alitaka kunifariji. Nilitupa kandambili ukutani.

Siku ya darasa nilikwenda na uso uliovimba. Niliwaeleza wenzangu kwa mikono, na wote wakataka kujua kelele ya ondulee ikoje, na hakuna aliyeweza kumweleza mwingine. Mmoja alipendekeza niweke mguu juu yake, huenda inatetemeka. Nilikuwa nimeshaweka mguu juu yake tangu mwezi uliopita. Tukawa tunabishana, mikono inaruka kila upande, hadi mwalimu alipochoka nasi. Alikwenda kwenye swichi, akazima taa.

Vichwa vyote vikainuka. Na mimi nikabaki nimeduwaa na mikono hewani, natazama ile balbu iliyozimika. Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu siku zote. Si taa ya kuwaka kuniambia kuna hatari. Taa ya kuwaka muda wote, mchana kweupe, ili izimike.

Jumatatu nilifika dukani kabla ya Hadji. Fundi wa gereji alinipa holda ya balbu, na kwa kuwa mwanga mtupu ungenichoma macho akanipa kioo chekundu cha taa ya nyuma ya gari, kimepasuka pembeni. Tuliifunga ukutani, juu kidogo ya kioo cha kompyuta. Hadji alipokuja aliizunguka, akauliza, akaelewa, akafurahi kuliko mimi. Alitaka aiunganishe mwenyewe. Alitafuta mahali pa kuchomeka, akaona tundu moja zuri, la nyuma ya ondulee, akachomeka hapo. Taa ikawaka. Tukapongezana.

“Sasa tujaribu,” nikasema.

Hadji akachomoa waya wa ondulee ukutani. Niliona uso wake ukikunjamana kwa ile kelele. Mimi nikaikazia macho taa. Bado inawaka. Tukangoja. Ikaendelea kuwaka, nyekundu, imetulia. Hadji alikuwa ameichomeka kwenye akiba! Umeme wa mji mzima ungeondoka hadi kesho, na taa yangu ingebaki inatabasamu mpaka yenyewe na kompyuta zife pamoja. Tulipogundua tulicheka hadi Hadji akaketi juu ya katoni za karatasi. Tukaihamisha, tukaichomeka ukutani moja kwa moja, tukajaribu kwa swichi kubwa ya duka. Ikazimika mara moja. Nikafunga pindo kwa ishara, bila kufikiri.

“Hiyo ni nini?” Hadji akauliza.

“Nimehifadhi. Kama mama anafunga makuta kwa kitenge.”

“Ahaa,” akasema, akaenda kufungua mashine ya fotokopi. Hakuonyesha kujali.

Sikujua kwamba adui wa taa yangu angekuwa malezi mema. Hakuna mtoto wa Buyenzi aliyelelewa bila kuambiwa azime taa mchana. Mteja wa kwanza aliingia, akasalimia, akaiona taa inawaka juani, akanyoosha mkono kwa wema wote na kuizima. Niliruka. Nikahifadhi, nikazima kompyuta, nikageuka, nikamkuta anasubiri nimshukuru. Wa pili akafanya hivyohivyo. Muuza vipuri alivuka barabara kwa ajili hiyo tu. Nilizima na kuwasha ile mashine ya kizee hadi nikataka kumng'ata mtu, na mwanafunzi akaanza kuitazama kalenda ya ukutani kwa namna iliyonitia homa. Nilibandika karatasi, USIZIME. Wakaisoma, wakasema amesahau, wakazima.

Mama alikuja kuniletea chakula. Aliingia, akatazama taa, akatazama jua.

“Mama, usi—”

Akazima.

“Umeme ni ya mutu, mwana wangu,” akasema. “Hadji atasema tumekulea vibaya.”

Mchana ule fundi wa gereji aling'oa swichi ya taa, akaunganisha waya kwa waya. Baada ya hapo watu walipapasa ukuta, hawakupata kitu, wakaondoka wanatikisa vichwa.

Siku ya mwisho ya kazi ile, mwanafunzi aliketi pembeni yangu tangu asubuhi, ananipa karatasi moja moja. Zilibaki kurasa za mwisho. Hadji alijifanya anapanga bahasha, ila alikuwa anahesabu pamoja nasi, nilimwona midomo. Hakuna aliyetaja maharage. Mimi nilikuwa nayaona yote, ungo kwa ungo.

Nilihisi mtikisiko kwenye miguu ya kiti. Sikujali, gereji inatikisa kila wakati. Halafu taa ikazimika.

Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Nikahifadhi. Nikatia disketi, nikahifadhi na humo, nangoja kitaa kidogo cha disketi kimalize kumeta. Mtu akanivuta kitenge kwa nguvu. Nikampiga kofi la mkono bila kutazama. “Ngojeni, mi naona!” nikasema. Akavuta tena, nikapiga tena. Nilitoa disketi, nikazima kompyuta kwa utaratibu wake wote kama mwalimu alivyofundisha, ndipo nikageuka kwa maringo kupokea sifa.

Hapakuwa na mtu. Kiti cha mwanafunzi kilikuwa kimelala, karatasi zimetapakaa. Barabara ilikuwa tupu. Moyo ukanipiga, kwa maana nilijua watu wenye masikio wanapotoweka hivyo wamesikia nini. Nikainama. Chini ya meza walikuwa wamelala kifudifudi, mwanafunzi amefunika kichwa kwa kurasa za ini, Hadji bila kofia, bado ameshika pindo la kitenge changu. Alikuwa anasema kitu, lakini kule chini kulikuwa na giza na midomo yake sikuiona. Nikatikisa kichwa: sioni.

Basi Hadji akaliachia pindo la kitenge changu, akautoa mkono kwenye mwanga, akashika pindo la hewa. Akazungusha vidole, akakaza. Kisha akaniinulia nyusi: je?

Nilipiga magoti palepale nikamjibu kwa ishara hiyohiyo, nimekaza mara mbili. Machozi yalinitoka, na sikutafuta sababu nyingine ya kuyapa.

Ilikuwa tairi ya lori. Fundi aliijaza upepo kupita kiasi ikapasuka, na katika kukimbilia chini mtu alijikwaa kwenye waya uliotuletea umeme kupitia gereji, akaung'oa. Siku nyingine haikuwa tairi, tunajua sote. Siku ile ilikuwa tairi, na mtaa mzima ulijipangusa vumbi na kuchekana hadi alasiri. Hadji alionyesha mkono wake kwa kila aliyeingia: “Muone, amenipiga huyu.” Waya ukarudishwa, taa ikawaka, nikamaliza ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi aliibeba memwari yake kifuani kama mtoto mchanga, akakimbilia Kamenge kabla ya jua kuzama. Aliikabidhi kwa wakati.

Nilipofika asubuhi iliyofuata nilimkuta Hadji amepanda juu ya kiti changu, anatoboa ukuta wa upande wa pili. Kioo kingine chekundu kilikuwa mezani, hiki kizima.

“Hadji, na hii ya nini? Yangu iko inawaka.”

Aliteremka ili nimwone vizuri.

“Ya mwenzako. Nitapata mashini ingine. Ambia mwalimu wako aniletee mwingine kwa darasa.” Akapanda tena, kisha akageuka, akaweka vidole vinne na dole gumba mbele ya kinywa chake, akavifungua na kuvifunga, bata anayepayuka, na kutikisa kichwa: lakini asiwe kama wewe.